Bwana Matuta na Doa Lililobaki Nyuma

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu, mtafiti mwandamizi wa chumba cha viinitete atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya utumishi katika chuo chetu cha tiba ya meno, na siku hiyo hiyo atastaafu. Kwenye faili la utumishi ana jina refu lenye cheo mbele yake. Hapa kazini, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkuu wa Idara, hakuna anayelitumia. Ni Bwana Matuta, basi. Hata mke wake akipiga simu ya ofisini humwulizia hivyo hivyo.

Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Mimi ni mpiga picha wa darubini, na picha karibu zote alizozitolea jasho nimezipiga mimi. Nilidhani nitaandika sifa zake, nitie utani kidogo, nimalize. Yeye akanijia mezani akaniambia nisipoliandika suala la doa, hatakuja kwenye sherehe yake mwenyewe. Namjua, kweli hatakuja. Kwa hiyo nitaliandika, na lawama zote apelekewe yeye.

Lakini kwanza, wewe unayesoma, hebu peleka ncha ya ulimi wako juu, nyuma kidogo ya meno ya mbele. Usione haya, wenzako nao wanafanya hivyo hivyo. Unagusa mikunjo migumu migumu iliyolala kwa upana, mmoja baada ya mwingine. Ukirudisha ulimi nyuma zaidi inakwisha, panakuwa laini. Hayo ndiyo matuta ya kaakaa. Hubana chakula kisiteleze, huusaidia ulimi kujua uko wapi, na mpangilio wake kwa mtu mmoja haufanani na wa mwingine. Hukuyapata kwa kutafuna, ulizaliwa nayo. Swali lililomwamsha Bwana Matuta kila asubuhi kwa miaka yote hii ni hili: yalifikaje hapo, na lipi lilitangulia?

Alikuja chuoni kijana mwembamba, daktari wa meno aliyechoka kung'oa. Huko zahanati alikotoka alikuwa amechungulia vinywa mpaka akaanza kusahau sura za watu na kukumbuka makaakaa yao tu. Siku moja alimwuliza daktari mkubwa wake matuta yale yanatoka wapi, akajibiwa, "Yapo tu." Jibu hilo lilimkera vibaya sana. Anasema alilitafuna wiki nzima, halimezeki. Akaomba uhamisho, akapewa chumba kilichokuwa stoo ya viti vilivyovunjika, pamoja na darubini moja ambayo ilibidi uishikilie kwa mkono ili isishuke. Ndicho chumba tulicho nacho mpaka leo. Viti vilitolewa, darubini ilibadilishwa, na yeye akabaki.

Kuishi na mtu mwenye swali moja si mchezo. Bwana Matuta hasikilizi kichekesho, anakisimulia, na anakisimulia ili wewe ucheke ukiwa umerudisha kichwa nyuma. Ukicheka, yeye yuko kinywani mwako. Kwenye foleni ya benki nimemwona akikaa mkao wa kuvizia kwa ajili ya mtoto mchanga aliyekuwa anapiga miayo begani kwa mama yake. Mke wake, mwalimu wa darasa la pili na mwanamke mwenye subira ya ajabu, hunisimulia kwamba enzi za uchumba wao aliamini kijana huyu amekufa kwa kicheko chake. Aliwaambia mpaka shoga zake. Walipooana ndipo akagundua bwana harusi alikuwa anahesabu. "Wifi," aliniambia, "mimi niliposwa na matuta yangu."

Kila anayeajiriwa idarani kwetu huletwa chumbani, hung'atishwa nta laini, na nta hiyo humiminiwa plasta. Plasta ikikauka, kaakaa lako linawekwa rafuni pamoja na ya wengine. Hakuna sheria ya chuo inayosema hivyo, ila mpaka sasa hakuna aliyekataa. Langu liko rafu ya juu, na matuta yangu ya kushoto yamejikunja ovyo, jambo ambalo Bwana Matuta hulisifia mbele ya wageni nikiwa nimesimama hapo hapo. La Mkuu wa Idara liko pembeni yake, tangu alipokuwa mwanafunzi mwenye nywele nyingi. Nywele zimekwenda zao, matuta yako vile vile.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana wengi wetu tumemwona akipita na visahani vyake bila kujua ndani kuna nini.

Kabla kaakaa halijawa kaakaa, ni vipande viwili vya nyama laini vinavyoning'inia kushoto na kulia kwa ulimi wa kiinitete. Ulimi ukishuka, vipande vinanyanyuka, vinakutana katikati na kushikana. Wakati mwingine haviwahi kushikana, na mtoto huzaliwa akiwa na kaakaa lililo wazi. Ndiyo sababu chuo cha meno kinajali habari hizi. Ajabu ni kwamba matuta hayasubiri. Kila upande huanza kuchora ya kwake kabla haujakutana na mwenzake, na ndiyo maana ukipitisha ulimi taratibu utaona ya kushoto na ya kulia hayalingani sawasawa. Kwa binadamu mambo haya hutokea karibu na mwezi wa tatu wa mimba. Bwana Matuta aliyatazama kwa panya wadogo weupe, ambao matuta yao ni mengi na yamepangika vizuri kuliko yetu, kutoka mbele mpaka karibu na koo.

Na tuta lenyewe linaanzaje? Seli za juu ya kaakaa zinanenepa kwenye mstari mwembamba. Hapo zinapeana ishara za kemikali: moja inahimiza, jengeni hapa, na nyingine inasambaa na kuzuia majirani, ninyi msijenge karibu nasi. Yeye hupenda kuwaeleza wanafunzi kwa mfano wa wauza nyanya: kila mmoja ametandika turubai lake na anamfukuza anayetaka kutandika karibu mno, na mwisho wa yote utakuta wamepangana kwa nafasi zinazolingana bila afisa wa soko kuwapangia. Kaakaa likikua, nafasi kati ya turubai mbili inapanuka, sauti ya kufukuza haifiki katikati, na mwingine anapata mahali. Hakuna mchoro uliofichwa mahali fulani unaoonyesha kila tuta likae wapi. Yanajipanga yenyewe. Mara ya kwanza niliposikia hilo niliacha kazi, nikakaa nikigusa kaakaa langu kwa ulimi karibu asubuhi nzima.

Jina lake lakini halikujengwa na nyanya. Lilijengwa na Ngazi ya Matuta, mchoro ambao kila aliyepita chuoni hapa ameunakili. Aliutengeneza miaka ya mwanzo. Wakati huo ulikuwa huwezi kulitazama kaakaa moja likikua. Ulilitoa, ukalihifadhi kwenye dawa, likabaki vile vile milele. Kwa hiyo alikusanya makaakaa ya panya wa umri tofauti, akayapanga mezani. Lenye matuta matatu, lenye manne, lenye matano, kuendelea. Akayapa namba kutoka mbele: la kwanza, la pili, la tatu. Lile lililoonekana nyuma kabisa kwenye kaakaa lenye mengi zaidi ndilo alilohesabu kuwa jipya. Akahitimisha kwamba matuta huongezeka kutoka mbele kwenda nyuma, kila jipya likikaa nyuma ya lililotangulia.

Hitimisho lile lilikuwa safi, mtoto wa shule angelielewa. Aliuchora mchoro huo kwa rangi ukutani mwa ukumbi wa mihadhara, matuta yote na namba zake, na mshale mkubwa mwekundu unaokwenda kooni. Ulikaa pale miaka yote hii. Mkuu wa Idara aliupenda akiwa mwanafunzi, akaufundisha akiwa mhadhiri, na mwaka huu, akihariri kitabu kipya cha chuo, aliuweka kwenye jalada. Kitabu kilikuwa tayari kiwandani kwa wachapaji. Kilitakiwa kizinduliwe siku ya sherehe ya kumuaga Bwana Matuta, chenye jina lake ndani na ngazi yake nje. Hakuna mtu idarani aliyewahi kuagwa kwa heshima ya namna hiyo.

Ndipo likaja doa.

Siku hizi tunaweza kulilea kaakaa nje ya mwili. Unalitoa kwa uangalifu, unaliweka kwenye kisahani juu ya utando mwembamba na maji ya lishe, unalifungia kwenye kabati la joto, na kwa siku chache linaendelea kukua na kuota matuta kana kwamba halijajua kwamba limehamishwa. Kazi yangu ni kulipiga picha asubuhi, na asubuhi inayofuata, kwa taa ya pembeni ili matuta yatupe kivuli. Mwezi wa tano mafundi walikuwa wanatoboa ukuta wa chumba cha jirani. Vumbi, jamani! Vumbi kwenye lenzi, vumbi kwenye chai, vumbi kwenye nyusi za mtunza panya wetu. Nilikuwa nimenuna tangu Jumatatu. Chembe moja nyeusi ikaanguka juu ya kaakaa mojawapo, ikanasa juu ya tuta la nyuma kabisa. Huwezi kufuta kitu pale, utachana ngozi. Nikapiga picha na doa lake, nikasonya, nikafunga kabati.

Kesho yake nikapiga tena. Jana kaakaa lile lilikuwa na matuta matano, doa likiwa juu ya la tano. Leo yalikuwa sita, na doa lilikuwa juu ya la sita.

Nilimwita Bwana Matuta ili tucheke. Hakucheka. Aliniambia, kwa upole unaoudhi kuliko ukali, kwamba nimechanganya visahani. Mimi! Miaka yote hii sijachanganya hata vikombe vya chai. Nilimwonyesha namba niliyoiandika kwa kalamu ya wino mzito chini ya kisahani, nikamwonyesha ufa wa ukingoni ambao ni kisahani kile kimoja tu kilikuwa nao, nikamwambia anitafutie kosa akiweza. Akasema basi chembe imebingirika. Tukaigusa kwa unywele. Haikubingirika, ilikuwa imegandamana na ngozi. Akakaa. Akaziweka picha mbili mezani, akaziangalia, akazipindua, akaziangalia tena. Nilikuwa nimejiandaa kuendelea kugomba, ila nilipomwona uso nikavuta kiti nikaziangalia pamoja naye.

Doa halikuwa limekwenda popote. Lilikuwa limekaa juu ya tuta lile lile. Ila tuta hilo jana tulikuwa tunaliita la tano, na leo, kwa kuwa tunahesabu kutoka mbele, tulikuwa tunaliita la sita. Tuta jipya lilikuwa limeota mbele yake, katikati, kati ya la nyuma na wenzake. Kama ni hivyo, lile lililo nyuma kabisa, ambalo ngazi inasema ni la mwisho kuzaliwa, lilikuwa pale karibu tangu mwanzo. Ni kama mtu aliyefika mapema kwenye foleni, akashika nafasi ya mwisho, na kila anayekuja anaambiwa apite mbele yake. Ukiwahesabu kwa kuanzia mlangoni utadhani yeye ndiye aliyechelewa.

Mtu mwingine angesema chembe moja ya vumbi si ushahidi, na angekuwa na haki. Mkuu wa Idara alisema hivyo hivyo tulipompelekea picha. Alisema pia, akiangalia mlango na si uso wa mzee wake, kwamba pengine tungeliacha suala hili mpaka sherehe ipite, kitabu kitoke, halafu vijana walichunguze kwa nafasi. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anamlinda. Na mimi, niseme ukweli, nilimuunga mkono. Nilimwambia Bwana Matuta tukiwa kwenye korido kwamba amebakiza wiki chache tu, ale keki yake aende nyumbani, kwani kuna ubaya gani? Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Akasema, "Dada, unataka niondoke bila kujua?"

Nilidhani atasema anataka kuondoka bila aibu, au bila uongo. Hapana. Bila kujua. Huyo ndiye mtu tunayemuaga.

Akapanga jaribio, na akalipanga mbele za watu. Alituita chumbani watatu, Mkuu wa Idara, mtunza panya na mimi, akatueleza kitakachofanyika na kila jibu litakuwa na maana gani, ili baadaye asiweze kuligeuza hata akitaka. Angesaga mkaa uwe laini. Katika visahani kadhaa angebandika chembe juu ya tuta la nyuma kabisa. Katika vingine angeibandika juu ya lile linalolifuata kwa mbele. Kama Ngazi ya Matuta ni kweli, tuta jipya litaota nyuma ya doa, na doa la mwisho halitakuwa tena la mwisho. Kama ngazi ni uongo, doa la nyuma litabaki nyuma, na nafasi kati ya matuta hayo mawili ndiyo itakayofunguka. "Likibaki nyuma," alisema, "nimewadanganya watu maisha yangu yote ya kazi." Mtunza panya akasema asiseme hivyo, kukosea si kudanganya. Akajibiwa kwamba tofauti hiyo inamfariji aliyekosea tu, aliyefundishwa haimsaidii.

Kubandika chembe za mkaa juu ya kitu kidogo kuliko punje ya mchele ni kazi ya roho mkononi. Alizibandika mwenyewe, kwa kibano, akizuia pumzi, na mkono wake wa miaka sitini haukutetemeka. Kisha akafunga kabati. Mchana kutwa aliweka kiti mbele ya mlango wa kabati lile, akakaa kama anayelinda nyumba. Kulifungua hawezi, joto litatoka. Kuondoka hataki. Nilimletea chai ikapoa, nikamletea nyingine nayo ikapoa, ya tatu nikainywa mwenyewe.

Jioni mke wake akanipigia. "Wifi, kuna nini huko kazini? Mtu hali, hasemi, ameniuliza tu kama ningekubali kuolewa naye angekuwa mjinga." Nikamweleza yote. Akasema kwamba basi si kitu, maana amemjua mjinga na ameshamzoea, ila alale. Akaniuliza na yeye swali, na sauti yake sasa haikuwa ya utani: watu watamcheka? Nilimwambia sijui. Kweli nilikuwa sijui. Nilimwazia akisimama jukwaani siku ya kuagwa, nyuma yake ule mshale mwekundu, mbele yake kila aliyewahi kufundishwa naye, na moyo ukaniuma kwa ajili yake.

Asubuhi tulikuwa watatu tena, na yeye wa nne. Kisahani kimoja kiliota ukungu, kingine kiliangusha chembe yake. Vilivyobaki niliviweka chini ya darubini kimoja kimoja na picha ikatokea kwenye skrini ili wote tuone. Cha kwanza, doa liko nyuma kabisa, na mbele yake tuta jipya jembamba ambalo jana halikuwepo. Cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu nikakizungusha, nikadhani labda nimekiweka kinyume. Nacho hivyo hivyo. Vile vyenye doa kwenye tuta la pili kutoka nyuma, doa sasa lilikuwa kwenye la tatu kutoka nyuma, na kati yake na la mwisho pameingia mgeni. Hakuna hata kimoja kilichoitetea ngazi. Mkuu wa Idara alivua miwani akaifuta ingawa ilikuwa safi. Mimi niliendelea kushikilia kitufe cha kamera kwa sababu niliogopa kugeuka.

Nilipogeuka, Bwana Matuta alikuwa ameinama karibu na skrini, pua inakaribia kuigusa, mdomo wazi. "Kumbe!" alisema. Akasema tena, "Kumbe, kumbe!" kama mtoto aliyeonyeshwa tumbo la redio. Akaanza kutueleza, mikono inaruka huku na huku: ni pale mbele ya tuta la mwisho ndipo nyama inapokua, ndipo nafasi inapofunguka, ndipo ishara ya kuzuia inapopungua nguvu, kwa hiyo lingeotea wapi kwingine? Lingeotea wapi! Alikuwa anacheka. Kisha katikati ya sentensi akakaa kwenye kile kiti cha jana, na machozi yakamtoka waziwazi mbele yetu. Akajifuta, akasema, "Miaka yote hii lilikuwa hapo hapo. Mimi ndiye niliyekuwa nalibadilishia jina kila asubuhi."

Jaribio lilirudiwa mara mbili zaidi, kwa sababu yeye hakubali kitu kwa mara moja hata kikiwa kinambomoa. Jibu lilibaki lile lile. Siku tulipopata jibu la mwisho alikwenda ofisini kwa Mkuu wa Idara na kumwomba asimamishe uchapaji. Niliwasikia, mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa na sababu ya kupita. Mkuu alimwambia Mzee, jalada limeshachapwa. Bwana Matuta akamwambia, "Mwanangu, ulipoingia hapa mimi ndiye niliyekufundisha vibaya. Sasa nani mwingine akufundishe upya?" Mkuu akachukua simu akawapigia wachapaji, na alipoweka simu chini alimwomba amweleze tena tangu mwanzo, polepole. Kitabu hakitakuwepo kwenye sherehe. Kitatoka baadaye, kikiwa na sura mpya na jalada lisilo na picha yoyote.

Na wiki iliyopita, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuta mhadhara wao umechukuliwa na mzee aliyepanda ngazi ya mbao akiwa na kopo la rangi nyeupe. Alifuta mshale wa ukutani kwa brashi, kisha namba, moja moja, akieleza huku rangi inamdondokea kwenye mikono ya shati. Matuta hakuyagusa, yale yalikuwa sahihi tangu mwanzo. Safu ya mbele alikaa Mkuu wa Idara, ameshika kalamu, ananakili pamoja na watoto wa miaka kumi na tisa. Mwanafunzi mmoja aliuliza: ni nini basi kinacholifanya lile tuta la nyuma libaki nyuma, wakati wenzake wote wanasukumwa? Bwana Matuta alishuka ngazi, akaweka brashi chini, akamtazama binti yule kwa furaha tupu. "Sijui," alisema. "Hilo utaniambia wewe."

Yapo na mengine ambayo wasifu ulitakiwa kuyataja, na ninayataja ili kamati isinikalie kikao. Amefundisha madaktari wa meno wasiohesabika, wengine wao wakiwa ndio wanaotuziba meno sisi. Ameanzisha rafu ya makaakaa ambayo watu huja kuitazama kutoka vyuo vingine. Alikarabati darubini tatu kwa mikono yake na kuharibu moja. Hakuwahi kupandisha sauti kwa mtunza panya, na mtunza panya ameniomba niliseme hili kwa herufi zinazosomeka. Kwa mke wake, tunasema ahsante kwa kutuazima mume na kwa kuvumilia kuchunguliwa.

Kuanzia Julai kiti chake kitakuwa kitupu, na mimi sijui nitamnunia nani. Mwanafunzi wa miaka ijayo akiuliza Ngazi ya Matuta ilikuwa nini, mwonyesheni rangi nyeupe iliyofunika mshale ukutani. Akiuliza ni nani aliyeiangusha, mwambieni ni Bwana Matuta mwenyewe, kwa chembe ya mkaa, wiki chache kabla ya kuagwa, ilhali angeweza kula keki akaenda zake.

Nenda ukapumzike, kaka. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na wageni wanaocheka sana. Na siku ukigundua huko nyumbani kwamba kuna jambo jingine umelikosea, tafadhali utupigie simu. Tutakuja wote.